Nusu ya Neno

Katika karakana ile kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: kiti hakitoki mlangoni kabla hakijakaliwa. Tena hakikaliwi na mtu yeyote tu. Seremala ndiye anayekaa kwanza juu ya mto alioushona mwenzake, na fundi makochi ndiye anayekipindua kiti, akakitikisa miguu na kuyabonyeza maungio, ili kuzihukumu mbao za seremala. Mtu hawezi kuhukumu kazi ya mkono wake mwenyewe, kwa sababu makalio yake yatampendelea.

Kukaa kwenyewe kulikuwa na utaratibu. Seremala alivua aproni, akajipangusa vumbi la mbao, akakaa, akafumba macho, akanyamaza. Akishusha pumzi ndefu, kiti kimepita. Akijisogeza hata kidogo, fundi makochi alibisha kidogo, kisha akachukua koleo, akaanza kung'oa misumari.

Sasa viti vya duka la dawa vilikuwa vimekwisha, vimepangwa ukutani chini ya shuka kuukuu, na hapakuwa na wa kuvikalia. Seremala alikuwa mgonjwa.

"Nitakaa mwenyewe," alisema mwenye duka la dawa, mama mmoja mnene na mcheshi, aliyekuja kuviulizia kwa mara nyingine tena. "Si ni vyangu?"

"Wewe utakaa kama mnunuzi," alijibu fundi makochi. "Mnunuzi hukaa kwa macho. Akiona kitambaa kinang'aa, mgongo wake unakubali chochote."

"Na wateja wangu wanaosubiri dawa wakiwa wima je?"

"Wasimame kidogo. Kusimama hakujaua mtu. Kiti kibaya ndicho kinachoua, tena polepole."

Mama yule alifunua pembe ya shuka, akatazama viti vyake kama mtu anayechungulia watoto waliolala, akafunika tena. "Haya. Mpe pole mwenzako. Mwambie hata dawa nilizomuuzia zimeanza kunitia aibu."

Fundi makochi huyu mtaa mzima ulimwita Maanayake. Jina alilipata kwa sababu hakuweza kumaliza mazungumzo bila kuinua kidole na kusema, "Maana yake ni nini? Maana yake ni hii." Alikuwa ameanza shule ya jioni ndevu zikiwa zimeshaingia mvi, akasoma, akafanya mitihani pamoja na vijana wanaoweza kuwa wajukuu zake, akafaulu, wala hakuacha darasa. Cheti chake kilitundikwa juu ya cherehani, mahali ambapo mteja akiinua macho tu amekiona, na asipoinua ataulizwa kama anapenda ile rangi ya ukuta.

Fremu ya cheti hicho aliitengeneza seremala, na kwa kuwa mtaani nako hawakuacha mtu bila jina, seremala aliitwa Randa, jina la chombo chake cha kulainishia mbao. Alikuwa mfupi, mwenye viganja kama makasia, penseli sikioni, na maranda kwenye nywele hata siku za sherehe. Hakusoma sana wala hakuona haya. Kila asubuhi iliyofuata jioni ya darasa, Maanayake alimletea neno jipya la Kiingereza, na Randa alilipokea kama anavyopokea ubao: analigeuzageuza, analigonga, kisha anasema lina ufa.

"Hilo refu mno. Watakuwa wanalikunja likifika mlangoni."

"Ni neno la kisayansi."

"Basi wampelekee huyo Sayansi. Mimi nipe misumari."

Miaka yote hiyo walifanya kazi hivyo, wakizozana kutwa nzima, na hakuna aliyewahi kuwaona wamekasirikiana.

Ugonjwa wa Randa ulianza kama mchezo. Kwanza mgongo, halafu shingo, halafu usingizi ukatoweka, halafu na hamu ya chakula ikaufuata. Hospitali walimpima damu, ikawa safi. Mkojo ukawa safi. Picha ya kifua ilipigwa, daktari akaishika kwenye mwanga, akaisifu. Mwishowe aliandika kwamba mzee apumzike, na binti yake Randa, aliyekuwa akiishi naye pamoja na mumewe, akalishika neno hilo kama amri ya mahakama. Randa akapumzishwa asubuhi, mchana na jioni. Kadiri alivyopumzishwa ndivyo alivyozidi kunyauka, na kadiri alivyonyauka ndivyo walivyomwongezea mapumziko.

Sasa ilisikika kwamba anafikiria kuacha kazi kabisa. Habari hiyo Maanayake hakuipenda. Fremu angeweza kununua kwa maseremala wengine, mji haukukosa. Lakini mtu wa kukaa, akafumba macho, akasema kweli, huyo asingempata tena, na bila yeye karakana ingekuwa duka tu.

Jioni ya darasa alikwenda na wazo lake. Darasani kwao kila kipindi kilimalizika kwa hadithi ya neno: mwanafunzi mmoja anaomba neno, mwalimu anaeleza lilikotoka. Siku hiyo zamu ilikuwa yake. Alisimama kwa shida, maana madawati yalikuwa ya watoto wa mchana na magoti yake yalikuwa yamekwama, akasema anaomba neno la mtu asiyejisikia vizuri, kwa sababu ana mwenzake mgonjwa na anataka kumpelekea.

Mwalimu alikuwa binti mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Akaandika ubaoni: *ill*.

"Fupi hili," alisema, "lakini limesafiri. Waingereza walikuwa na neno lao la asili la mgonjwa. Hili waliletewa na watu wa kaskazini waliovuka bahari, wengine kwa kupora, wengine kwa kuishi. Wakaoana na wenyeji, lugha zao zikachanganyika kama watoto wa nyumba mbili zinazopakana. Na mwanzoni neno hili halikuhusu ugonjwa hata kidogo. Maana yake ilikuwa 'baya'. 'Ovu'. Kwa muda mrefu tu, ukimwita mtu hivi, hukusema anaumwa. Ulisema ni mtu mwovu."

Maanayake alipiga goti lake kwa furaha. Kwa neno kama hili Randa angecheka hadi penseli idondoke sikioni. Tayari alimwona akiligeuzageuza. Akatia miwani mfukoni, akakusanya vitu vyake.

"Mwalimu, naomba ruhusa. Nina mgonjwa."

"Subiri kidogo, mzee wangu, sijafika…"

"Nimeshaelewa, mwalimu. Nimeelewa kabisa."

Nyumbani kwa Randa taa zilikuwa zimewashwa na sebule ilinukia upya. Sababu ya upya huo ilikuwa katikati ya chumba: kochi pana la watu watatu, rangi ya zabibu iliyoiva, lenye vifungo vinavyong'aa, na mikono yake bado imefunikwa plastiki ya dukani. Ndani yake alikuwa Randa. Alikuwa amezama hivi kwamba kutoka mlangoni vilionekana kichwa na magoti tu, kama mtu anayeoga kwenye beseni.

"Karibu, baba mkubwa," alisema binti. "Kaa hapa karibu na baba. Sogeza mto huo."

"Ahsante, mwanangu, nitasimama," alisema Maanayake. "Mimi nikiwa na jambo zito husimama."

Mkwe alizima redio. Randa aliinua macho, na palikuwa na mwanga kidogo ndani yake, wa mtu aliyekaa kutwa nzima akingojea mtu wa kuzozana naye.

Basi Maanayake akaeleza. Alieleza vizuri, akaanzia kwa watu wa kaskazini, akawavusha bahari, akawaoza, akafika kwenye neno lenyewe. Akainua kidole. "Na maana yake ni nini? Maana yake, kwa asili, yule tunayemwita mgonjwa, wao walimwita mbaya. Mwovu."

Alisubiri kicheko.

"Kwa hiyo," alisema Randa polepole, "umetoka darasani, ukakata mitaa yote hiyo kwa miguu, ili uje kuniambia mimi ni mwovu."

"Si mimi, ni Waingereza."

"Waingereza hawanijui."

"Ni wale wa zamani, ndugu yangu."

"Hata wale wa zamani hawanijui. Wewe ndiye unayenijua, na wewe ndiye uliyelibeba hadi hapa."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini elimu aliyoichuma uzeeni ilimwashawasha mdomoni. "Lazima tutofautishe mtu na asili ya neno. Maana yake ni kwamba…"

Mkwe alikohoa. Binti alishika kitasa cha mlango, kwa adabu zote, na kusema, "Baba mkubwa, nafikiri baba amechoka."

Kesho yake asubuhi binti huyo huyo alisimama kwenye mlango wa karakana. Hakuingia, yeye aliyejifunza kutembea humo ndani akiangukia kwenye maranda. Alinyoosha mkono, na mkononi mlikuwa na ufunguo wa baba yake, ule uliofungwa kwenye kipande cha mbao kilichochongwa umbo la samaki.

"Amesema nikupe. Amesema karakana ibaki kwa mtu mwema."

"Na randa yake?"

"Tutaijia baadaye."

Maanayake, aliyekuwa na maneno ya lugha mbili na cheti ukutani, aliupokea ufunguo, akautia mfukoni.

Nyumbani, mkewe alimsubiri amalize chai ndipo akamwuliza, na alipokwisha kusikia habari yote aliweka chini nguo aliyokuwa akiikunja.

"Watu wakienda kumwona mgonjwa hubeba machungwa. Wewe umebeba tusi. Tena si lako, umeazima la watu."

"Ilikuwa elimu, mama watoto."

"Mwalimu ndiye aliyekutuma ukamwambie hivyo?"

"Hapana. Yeye alisema nisubiri."

"Usubiri nini?"

Maanayake alitazama kikombe. "Sijui. Niliondoka."

Mabega ya mkewe yakaanza kutikisika kwa kicheko alichojaribu kukizuia. "Yaani wewe, unayemnyima mama wa watu viti vyake eti havijakaliwa, neno zima umelitoa likiwa bado mezani kwa fundi."

Jioni hiyo haikuwa ya darasa, lakini alimkuta mwalimu akifuta ubao. Alisimama mlangoni kofia mkononi.

"Mwalimu, nimekuja kuchukua kilichobaki."

"Cha nini, mzee wangu?"

"Cha lile neno. Nusu ya kwanza nimeshaitumia. Imeniharibia."

Mwalimu aliposimuliwa alikaa kwenye dawati la watoto na kujifunika uso kwa kitambaa cha kufutia, akacheka hadi chaki ikampaka paji. Halafu akajikaza.

"Ungesubiri kidogo tu. Neno halikumrukia mgonjwa likamwita mwovu. Karne zilipita kwanza. Na wataalamu wanadhani lilifikia ugonjwa kwa njia ya usemi, kama waliokuwa nao wale wale watu wa kaskazini. Mtu akiwa hajisikii vizuri husema kitu kama hiki: 'Ni vibaya kwangu.' Hasemi 'mimi ni mbaya.' Yeye mwenyewe hana ubaya. Kuna jambo baya, nalo limemkalia."

"Ni vibaya kwangu," alirudia Maanayake.

"Hata sisi. Mtu akikuambia hali yake mbaya, unamwona mwovu?"

"La, hasha."

"Unamfanyaje?"

"Namwuliza kuna nini."

"Na mwenzako ulimwuliza?"

Maanayake aliigeuza kofia yake, akaitazama ndani kama vile jibu lilishonwa huko.

Siku iliyofuata alikwenda mchana, na machungwa, kwa amri ya mkewe. Binti alifungua mlango, safari hii si wote. Randa alikuwa pale pale kwenye kochi, amezama vile vile, akitazama ukuta.

"Nimeleta machungwa na nusu ya neno," alisema Maanayake. "Ukipenda, pokea machungwa tu."

"Weka machungwa."

Aliyaweka. Binti, ambaye hakufundishwa kumwacha mgeni wima hata awe amemkasirikia, akasema, "Kaa basi, baba mkubwa." Na kwa kuwa mtu anayeomba radhi haombi amesimama kama hakimu, Maanayake akakaa.

Alishuka. Aliendelea kushuka pale alipotarajia kufika. Magoti yalipanda yakamkaribia kidevu, kiuno kikakunjika, na nyuma, mahali pale pale ambapo mgongo wa mzee haupendi kuguswa, ubao mmoja mgumu ukamsukuma kama kiwiko cha mtu kwenye foleni. Kwa mazoea ya miaka mingi alifumba macho, na gizani akaliona kochi lote kwa ndani vizuri kuliko daktari alivyoona kifua cha Randa. Springi hakuna. Mikanda imewekwa mbali mbali, tena imelegea. Sponji nyepesi kama mkate wa juzi. Alingoja pumzi ndefu imtoke, ikakataa. Akajisogeza kushoto. Akajisogeza kulia.

Alipofumbua macho, Randa alikuwa ameacha ukuta na kumtazama yeye.

"Umejisogeza," alisema Randa kwa sauti ya chini.

"Nimejisogeza."

"Hujamaliza. Subiri uone shingo."

Maanayake alitupa jicho jikoni, ambako binti alikuwa akigongesha vyombo. "Kwani kuna nini, ndugu yangu?" aliuliza, na hakuinua kidole. "Niambie. Hili lililetwa lini?"

"Kabla tu mgongo haujaanza."

"Na kile kiti chako?"

"Kile cha kwanza tulichotengeneza? Walikigawa. Binti alisema mtu aliyewakalisha watu maisha yake yote asikalie kiti chenye kiraka. Walijinyima, yeye na mumewe. Walilifunika kwa shuka, wakaniita, wakalifunua. Alikuwa analia kwa furaha, ndugu yangu. Ulitaka niseme nini?"

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, nikaugua. Nilipougua wakasema nipumzike. Sasa, nipumzike wapi?"

Wote wawili walilitazama kochi.

"Na chakula je?"

"Hebu wewe jaribu kula magoti yakiwa kidevuni."

Maanayake alijitahidi asicheke, na Randa naye alijitahidi, na kwa vile walikuwa wamezama bega kwa bega kila mmoja aliusikia mtikisiko wa mwenzake. Binti alipotoka jikoni aliwakuta wazee wawili wanalia kwa kicheko na hawawezi kunyanyuka. Akampa huyu mkono wa kulia na yule wa kushoto, akavuta.

Maanayake alinyoosha kiuno, akaweka koti lake sawa. "Mwanangu, kitambaa cha kochi hili ni kizuri. Nasema kweli, na unajua mimi na vitambaa. Ila lina kasoro moja."

"Kasoro gani?"

"Halijakaliwa."

Binti wa seremala hahitaji kuambiwa mara mbili. Alimtazama baba yake, akalitazama kochi, akamtazama tena baba yake, aliyekuwa ghafla anayapanga machungwa.

"Baba. Ni kochi?"

"Ni kochi kidogo," alisema Randa.

Binti alikaa, mahali pale pale pa baba yake, akafumba macho kama alivyoona ikifanywa tangu akiwa na meno ya utoto. Hakukawia. "Ndiyo maana mume wangu hukaa chini, eti anapenda ubaridi wa sakafu," alisema akiwa bado amefumba macho. "Kumbe na yeye anaogopa kuniudhi." Halafu akafumbua, na machozi hayakuwa mbali. "Ungeniambia tu, baba."

"Ulikuwa umefurahi."

"Na wewe ukaenda kupimwa damu."

"Damu ni safi," alisema Randa kwa majivuno kidogo, na hapo binti naye akashindwa kujizuia akacheka.

"Baba mkubwa, linatengenezeka?"

"Kitambaa sitakigusa, kibaki hivyo hivyo. Ndani nitaweka springi na mikanda ya kweli. Lakini tatizo ni fremu." Maanayake alishusha pumzi kama daktari mwenye habari nzito. "Fremu inataka seremala."

Wote wakamgeukia Randa.

"Mimi ni mgonjwa," alisema Randa, kwa heshima ya hospitali.

"Ndiyo. Kwa hiyo utafanya polepole."

Kesho yake asubuhi kochi lilikwenda karakana juu ya mkokoteni, na Randa nyuma yake, akiwa wima, akiwaelekeza wasukumaji namna ya kukata kona. Alikuwa amelala usiku mzima kitandani, amenyooka, baada ya kutwa nzima ya kukaa kwenye kigoda cha jikoni. Walipolipindua kochi na kung'oa kitambaa cha chini, alikuta fremu ya mbao za masanduku ya mizigo, na juu ya moja mshale mwekundu bado unaonyesha upande upi ukae juu.

"Wameuweka chini," alisema Randa. "Hata mshale wenyewe hawakuusoma. Nani aliyeita hii kona? Hii si kona, haya ni mapatano ya misumari." Rangi ilikuwa inamrudia usoni. Aliizunguka ile fremu akiitukana kutoka mguu hadi mguu, akaivunja, akachagua mbao kavu kwenye rafu, na kabla ya adhuhuri maranda yalikuwa kwenye nywele zake na penseli imerudi sikioni, na alikula chakula cha mchana chote pamoja na nusu ya cha mwenzake.

Ilipokaribia alasiri mama wa duka la dawa akapita. Alimwona Randa, akaweka kikapu chake chini, akavuta ile shuka mwenyewe bila kuomba ruhusa.

"Umepona? Basi kaa."

Randa alivua aproni, akajipangusa. Akakaa kwenye kiti cha kwanza, akafumba macho, na pumzi ndefu ikamtoka. Cha pili, vile vile. Mama yule alianza kutabasamu. Kwenye cha tatu Randa alifumba macho, akatulia, halafu bega lake la kushoto likasogea. Si sana. Mtu mwingine asingeona.

"Hapana," alisema mama wa duka la dawa. "Hapana, alikuwa anajikuna tu, mimi nimemwona."

Siku nyingine Maanayake angebisha. Angeitaja pamba, angetaja uzi, angekitaja hata cheti. Siku hiyo alichukua koleo kutoka ukutani kama mtu aliyepewa zawadi mkononi, akakivuta kiti cha tatu mbele yake, akang'oa msumari wa kwanza.

"Pamba imekusanyika upande mmoja," alisema Randa akiwa anakagua cha nne.

"Naona."

"Ulikuwa unawaza nini wakati unakishona?"

"Nilikuwa nakuwaza wewe."

Randa aliguna tu. Mama wa duka la dawa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekata tamaa, akaanza kumenya chungwa.

Huku aking'oa, Maanayake alimsimulia Randa ile nusu ya pili ya neno. Hakusimama, na alisimulia kwa ufupi: kwamba si mtu aliyekuwa mbaya, ila ni mtu anayesema, ni vibaya kwangu. Randa alilipokea kama alivyopokea maneno yote, akaligeuzageuza, akaligonga.

"Ni vibaya kwangu," alisema. "Hilo halina ufa. Ungeanza nalo hilo."

"Nilikuwa na haraka."

"Nimeona." Alisimama kutoka kiti cha mwisho, kilichokuwa kimepita, akanyoosha kiganja chake kama kasia. "Ufunguo wangu uko wapi?"

"Si ulisema karakana ibaki kwa mtu mwema?"

"Ndiyo," alisema Randa. "Basi nipe."